Siku Saidi Alipotangazwa Bustanini

Ile picha mliiona wenyewe kwenye simu yangu. Mama amesimama chini ya wavu, kasuku wa kijivu yuko begani kwake, mikono yote miwili ameikunjua mbele ya kifua, na usoni hakuna hata chembe ya tabasamu. Mlicheka. Mmoja wenu alisema mama anamwomba ndege ashuke. Siwalaumu, maana nilikuwa nimewaaga kwamba nakwenda likizo Diani, na anayetoka likizo Diani hutarajiwa kurudi na vichekesho. Mliponiuliza yaliyotokea niliinamia cherehani, nikajifanya nina sketi za shule za kumaliza. Nimejaribu mara mbili kusimulia kwa mdomo na mara zote mbili nimeishia njiani. Basi nawaandikia, mafundi wenzangu.

Nakuru mpaka njia ya Mtito Andei

Mambo ya tiketi na kuomba ruhusa nayaruka, hayana ladha. Mama yangu mnamjua kwa umbo tu: yule bibi mwembamba wa buibui anayekaa mlangoni mwa kibanda chetu, mnayemwita Shosho, yaani nyanya, kwa Kikuyu chenu. Anakaa nami Nakuru tangu baba alipofariki. Nilipomwambia nina siku chache za kupumzika na nitampeleka kwetu Kwale, hakuuliza tutalala wapi wala tutakula nini. Aliuliza kama kopo lake litaruhusiwa kupanda basi.

Kopo lenyewe mnalijua pia, lile la mafuta ya kupikia analoliweka dirishani, lenye mrehani. Kwetu mrehani ni jani la harufu. Huvaliwa kichwani, hutiwa kitandani kwa maharusi, na huwekwa juu ya makaburi. Mama alilipakata kopo mpaka Nairobi, tukalala kwa kaka yangu, na asubuhi akalipakata tena. Kondakta wa basi la Mombasa alimwambia vitu vya udongo hukaa kwenye buti. Mama akamjibu kwa upole, "Basi baba, mimi nitakaa huko kwenye buti, kopo likae hapa kitini." Kondakta akacheka, akatuacha.

Tulipopita Mtito Andei basi likakata mkanda. Tulishushwa kando ya barabara, jua limetulia utosini, na fundi akasemekana yuko njiani, kama wanavyokuwa mafundi wote. Mama mmoja wa Kikamba aliyeketi nyuma yetu alifungua bakuli la muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe, akatukaribisha. Tulikula kwa kijiko kimoja, kwa zamu, tumekaa juu ya begi langu.

"Una watoto wangapi, mama?" akamuuliza mama yangu.

"Saba."

Mimi, kwa mdomo wangu usiotulia, nikasema, "Tuko sita."

"Saba," mama akarudia, bila kunitazama. "Wa kwanza ni Saidi."

Yule mama wa Kikamba hakuuliza Saidi anafanya kazi wapi. Aliweka kijiko chini akasema naye anaye mmoja wa namna hiyo, wa kike. Wakatazamana wawili hao, wakielewana, na mimi nikawa kama mtu aliyeingia chumba cha watu bila hodi.

Hapa lazima niwaeleze jambo. Kwetu Wadigo mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Mama alimzaa Saidi akiwa msichana mdogo, kwa hiyo akaitwa Mesaidi, yaani mama yake Saidi. Saidi alikufa kwa homa, umri wake miaka miwili, akazikwa shambani kwa babu yangu. Jina halikufa naye. Kisimani, harusini, msibani, mama aliitwa Mesaidi maisha yake yote, na kila alipoitwa yule mtoto alitajwa. Alipohamia Nakuru akawa Mama Mwanahamisi kwa ajili yangu, halafu akawa Shosho. Wenzake waliokuwa wakimwita Mesaidi wamekwisha mmoja mmoja. Sikuwa nimelifikiria hilo hata siku moja mpaka pale kando ya lami, na muthokoi mdomoni.

Likoni, Ukunda, Diani

Fundi alifika alasiri. Tulilala Mombasa, na kesho yake tukasimama Likoni muda mrefu kwa sababu feri moja ilikuwa mbovu. Mama hakulalamika. Watu wasiomjua walikuwa wakimpita na kumwambia "Shikamoo, mama," naye akiitikia "Marahaba" kwa sauti iliyonenepa kidogo kila mara. Nakuru mnampungia mkono. Ni salamu pia, sisemi siyo, lakini kule nilimwona akirefuka.

Nilikuwa nimechukua chumba Diani, kwenye hoteli ndogo ya nyuma, si zile za ufukweni. Asubuhi mama alimwomba mhudumu mahamri na mbaazi. Kijana wa watu, mwenye lafudhi ya kwenu huku bara, akasema, "Leo tuko na soseji na chapati za mayai, shosho, lakini soseji ni ya kuku, usijali." Mama akamshukuru, akanywa chai kavu. Mimi nilikula mpaka soseji zake. Nilikula kwa woga, na sasa nitawaambia nilikuwa nikiogopa nini.

Miaka michache nyuma mjomba wangu alinipigia simu. Alikuwa ameliuza shamba la babu. Alisema wanunuzi ni watu wa utalii, watajenga bustani ya burudani yenye wanyama na mabwawa, na kwamba makaburi yangeachwa kama yalivyo. Aliniomba nimweleze mama. Sikumweleza. Kila jioni niliona si jioni nzuri ya kumwambia, na jioni mbaya zilikuwa nyingi. Mjomba naye akafariki. Kwa hiyo tulipoondoka Nakuru mama alijua anakwenda shambani kwao kumwekea mwanawe mrehani na kumsomea, pengine kwa mara ya mwisho, maana magoti yake hayana tena safari nyingine ndefu kama ile. Mimi nilijua tunakwenda kwenye bustani ambayo kuingia lazima uwe mgeni wa matembezi. Nilikuwa nimeshatuandikisha sote wawili.

Nilijiambia nitamweleza kwenye tuk-tuk. Lakini mama aliniwahi.

"Tupeleke kwa Mwalimu Omari," alimwambia dereva, akimtaja babu yangu, "kabla hujafika Gazi, penye kisima na mkwaju mkubwa."

"Kwa Mwalimu Omari hakuna tena, mama," dereva akasema, na hakuwa na ubaya wowote. "Pale sasa ni Bustani. Mnakwenda kuona kasuku?"

Mama aligeuka akanitazama. Macho yangu nikayapeleka kwenye minazi.

"Na Saidi?" akaniuliza.

"Mjomba alisema makaburi yaliachwa."

"Mjomba wako alisema mengi," akajibu, akageuzia uso barabarani mpaka tulipofika. Afadhali angenigombeza. Nilikuwa na miaka hamsini kasoro, na nilitamani nichapwe.

Getini

Geti limejengwa mfano wa mdomo wa mamba, na watu huingia kupitia kooni. Juu yake kuna vipaza sauti vinavyopiga muziki wa ngoma usiokoma. Nilitafuta kisima, nilitafuta njia ya zamani, sikuona nilichokijua. Kwa mbali, juu ya paa la makuti, niliona kilele cha mkwaju kimefunikwa kwa wavu. Mama naye alikiona. Aliningʼangʼania mkono kidogo, akauachia.

Mlinzi alikuwa mtu wa bara, mpole. Alipekua begi langu, halafu akaona kopo.

"Shosho, hii maua haiwezi ingia ndani. Ni sheria, tunaogopa magonjwa ya mimea."

"Hii ni ya mtoto, baba."

Mimi nikaitwa upande wa pili kuvishwa utepe wa mkononi na kuandika majina yetu kwenye kitabu. Nilimwacha mama na mlinzi. Yaliyosemwa niliyapata baadaye kwa mlinzi mwenyewe, na aliyasimulia huku akijipiga kofi la paja kwa majuto, ingawa hakuwa na kosa.

Alimuuliza mtoto ni nani. Mama akasema ni Saidi, mwanangu. Ako na miaka ngapi? Miwili. Ako wapi? Yumo ndani. Na nani? Peke yake. Mlinzi akaingiwa na hofu. Akauliza mtoto amevaa nini. Mama akasema nguo nyeupe. Akauliza mara ya mwisho alimwona wapi, na mama akanyoosha kidole kwenye ule mkwaju.

Jamani, mama hakudanganya hata kwa neno moja. Aliulizwa habari za mtoto wake, akajibu. Hamjui ni miaka mingapi tangu mtu amuulize habari za Saidi, tena kwa kujali namna ile.

Nilikuwa bado nimeshika kalamu muziki ulipokatika. Ikaja sauti ya mwanamke kwenye vipaza sauti, kwa Kiswahili, kisha Kiingereza, kisha lugha nyingine nisiyoijua.

"Tunaomba radhi kwa wageni wetu. Tunamtafuta mtoto Saidi, umri miaka miwili, amevaa nguo nyeupe. Mama yake yuko getini. Milango yote imefungwa mpaka mtoto apatikane."

Kalamu ilinianguka. Nilikimbia, nikamkuta mama amewekwa kwenye kiti cha plastiki, kopo limekaa miguuni pake, mlinzi anampepea kwa kofia. Mama alikuwa ameweka mkono kifuani.

"Wanamwita Saidi," akaniambia. "Unasikia? Wamemjuaje?"

Niligeukia geti. Kupitia koo la yule mamba niliona watu wakitawanyika. Wafanyakazi wa fulana za kijani walikuwa wakiinama chini ya meza. Mzungu mmoja mnene, bado na maji ya bwawa mwilini, alikuwa akitembea kando ya maua akiita "Saidi! Saidi!" kwa matamshi yake. Wasichana wawili wa shule wakaita. Mama mmoja wa Kihindi akaita. Jina la kaka yangu ambaye sikumwona maishani liliitwa kila pembe ya shamba la babu, na mimi ndiye niliyepaswa kwenda kuwaambia waache.

Chini ya mkwaju

Meneja alikuja mbio, mwanamke mrefu wa makamo, redio ya mkononi ikiwa mdomoni. Nilimvuta kando nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikianzia katikati. Kwanza uso wake uliwaka. "Nimefunga milango," alisema. "Nimesimamisha watu wote. Mnajua mmefanya nini?" Nikasema najua. Nikasema kosa ni langu, si la mama wala la mlinzi. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, "Unasema amezikwa hapa? Mimi sijaambiwa kuna makaburi hapa."

"Yapo," mtu akasema nyuma yetu.

Alikuwa mtunza kasuku, mtu wa miaka arubaini na kitu, fulana yake ya kijani imejaa maganda ya mbegu. Jina lake Bakari, wa kijiji cha jirani. Alikuwa amelisikia tangazo, akaacha ndege akaja getini bila kuitwa. Alimpita meneja, akamwinamia mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Wewe ni wa Mwalimu Omari?"

"Ni binti yake."

Bakari akamgeukia meneja, akavua kofia. Alisema wakati wa kujenga alikuwa kibarua wa kuchimba. Ramani ilionyesha bwawa la kuogelea pale penye mkwaju. Yeye na wenzake wa kijijini walimwambia msimamizi kwamba chini ya pale ni mwamba mtupu, haukubali sururu. Haukuwa mwamba. Msimamizi akaisogeza ramani, na kwa kuwa tundu la ndege halihitaji kuchimbwa, pakawekwa wavu tu. "Ndiyo maana kasuku wako pale, madam. Tuliongopa. Ukitaka kuniandikia barua ya kunifukuza, niandikie, lakini watu wako mahali pao."

Meneja aligeukia mkwaju. Redio ilikuwa ikimwita, watu wamejaa getini wanataka kutoka, nini kinaendelea. Aliipunguza sauti. Alimwambia mama, "Tafadhali, twende."

Lakini kopo alilikataa. Sheria ya mimea, alisema, hata yeye hawezi kuivunja, ila majani yaliyochumwa hayakatazwi. Basi mama akaketi tena, akachuma mrehani wote, tawi kwa tawi, jani kwa jani, akautia kwenye ncha ya kanga. Hakuna aliyemhimiza. Mlinzi alipokea kopo lenye vijiti vitupu, akalishika kwa mikono miwili.

Ndani ya wavu kulikuwa na kivuli na harufu ya ukwaju na mavi ya ndege. Pembeni, nyuma ya kamba ndogo, yalikuwapo mawe ya matumbawe yaliyosimamishwa, makubwa kwa madogo. Hakuna kilichong'olewa. Mama alivua ndala mlangoni. Akawaamkia waliolala pale, kama tunavyofanya tukiingia makaburini, "Assalamu alaykum, enyi watu wa makaburini."

"Salamu alekum," ikajibu sauti juu ya mti.

Nilishtuka mpaka nikamshika meneja. Bakari aliinamisha macho. "Ni kasuku," akasema. "Amenisikia mimi. Kila asubuhi nawaamkia waliolala hapa kabla sijamwaga mbegu. Wageni hudhani ni wao wanaoamkiwa."

Mama hakutafuta. Alikwenda moja kwa moja kwenye vijiwe viwili vidogo, urefu wake haufiki goti, akapiga magoti yale mabovu bila kusaidiwa. Akatandaza mrehani baina ya kijiwe na kijiwe. Kilikuwa kitanda kifupi sana. Nililia pale, na sioni haya kuwaambia. Nililia kwa ajili ya ufupi ule, na kwa miaka yote niliyosema tuko sita.

Alipoinuka akakunjua mikono kuomba dua. Ndipo kasuku alipoteremka akatua begani kwake, kama alivyofunzwa kumfanyia kila mgeni anayesimama pale, na msichana wa kuwapiga wageni picha, ambaye hakuwa ameambiwa lolote, akabofya kama alivyozoea; baadaye alinitumia picha kwenye simu. Mama hakukatisha dua. Bakari na mimi tuliitikia "Amin". Meneja, ambaye ana msalaba shingoni, aliinamisha kichwa.

Redio ikalia tena. "Madam, geti tunafungua? Wageni wanauliza mtoto amepatikana?"

Meneja aliishika redio karibu na mdomo. Alimtazama mama. "Mama, niwaambie nini?"

Mama alimtoa kasuku begani taratibu, akampa Bakari.

"Waambie amepatikana," akasema. "Si uongo."

Tulikuwa bado chini ya mkwaju tangazo lilipotoka. "Tunawashukuru wageni wetu wote. Mtoto Saidi amepatikana. Yuko na mama yake." Likarudiwa kwa lugha zote tatu. Na kila upande, kwenye mabwawa, kwenye ngazi za kamba, kwenye foleni ya geti, watu wakapiga makofi. Walipiga kwa muda mrefu. Mama alisimama akiwasikiliza, ndala mkononi, mpaka kofi la mwisho.

Kurudi

Hatukuona mamba wala hatukula kitu mle ndani. Getini mlinzi alimrudishia mama kopo lake. Meneja alisema Ijumaa mama au mtu wake yeyote akija ataingia bila utepe, na kwamba yeye mwenyewe atalizungumza hilo na wakubwa wake. Sijui watamjibu nini. Bakari bado yuko kazini, tulimpigia simu juzi.

Yeye ndiye aliyetusindikiza mpaka kwenye tuk-tuk. Alimfungia mama buibui lisinaswe na gurudumu, akarudi nyuma hatua moja, akamwambia, "Safari njema, Mesaidi. Tuko naye."

Mama aliitikia "Haya," basi. Lakini mpaka Ukunda mkono wake ulikuwa juu ya wangu, na nikajua nimesamehewa.

Vile vijiti kwenye kopo vimeanza kuchipua, mmeviona dirishani. Mama kesho atakuja kukaa mlangoni kama kawaida yake. Picha mnaweza kuiangalia tena mkitaka. Nina ombi moja tu: msimwite Shosho. Anaitwa Mesaidi.